Mama Mkwe Wangu wa Darasa la Tatu

Mtoto wangu wa kwanza ni mama mkwe wangu. Wageni wakija nyumbani kwetu Ujiji na kumsikia mume wangu, mwanamume mwenye ndevu zake, anamwambia mtoto wa darasa la tatu "Shikamoo mama", wanacheka wakidhani ni utani. Ni utani, na si utani. Mtoto anaitwa Mwanvua, jina la mama yake mume wangu, aliyefariki wakati mimi nina mimba. Katika ukoo huu, anayerithi jina anarithi na cheo. Watoto wote wa marehemu wanamwita Mama. Sisi wake zao tunamwita Mama Mkwe tukiwa na furaha, na tukiwa na hasira tunanyamaza, maana nani atamchapa mama mkwe wake? Jina lenyewe halipigiwi kelele uani. Wanawake wenzangu wanaitwa kwa majina ya watoto wao wa kwanza, mimi naitwa Mama Tausi, kwa jina la mtoto wa pili, kwa sababu hakuna anayethubutu kupaza sauti "Mama Mwanvua!" kama anayefukuza kuku.

Maisha ya mtoto huyu bado ni mafupi, lakini mimi niliyekaa naye karibu kila siku nimeona ndani yake mambo ambayo hata sasa nikiyafikiria nashika kidevu.

Nilimzaa Kalinzi, huko juu kwetu kwenye mibuni, ambako mume wangu alikuwa fundi wa kujenga nyumba. Alikuja kabla ya wakati. Alikuwa mdogo hata nesi alimlaza kwenye kiganja na vidole vikabaki. Mama yangu mzazi alimtazama akatikisa kichwa. "Mwana wanje," akasema kwa Kiha chetu, mwanangu, "huyu amesafiri kabla hajafunga mizigo."

Nilielekezwa nimweke kifuani, ngozi kwa ngozi, nimfunike. Nikakaa naye hivyo mchana na usiku. Na jamani, mtoto yule alinyonya. Macho ameyafumba, ngumi ameikunja, anavuta kama mtu aliyeambiwa kuna njia ndefu mbele na maji hayapo. Nilikuwa namwangalia naogopa. Si kuogopa kwamba atakufa. Niliogopa ile nguvu, imetoka wapi katika kitu kidogo namna ile?

Akajaa. Mashavu yakatoka, mikono ikapata mikunjo. Alipoanza kutembea alimfuata bibi yake shambani, akapanda na kushuka ile milima yetu na kidumu chake kichwani, akala ugali wa muhogo na maharage na ndizi zetu. Alikuwa wa mviringo kidogo kuliko wenzake, lakini miguu yake ilikuwa migumu kama ya mbuzi. Hakuna aliyemwita mnene. Hakuna aliyemwita chochote, kwa kweli, alikuwa mtoto kati ya watoto.

Karibu na wakati wa kuanza shule tukahamia Ujiji, kwenye uwanja wa ukoo wa mume wangu, milango minne inayotazamana. Gari liliposimama, kaka yake mkubwa, shemeji yangu Hamdani, alikuwa ameshasimama barabarani. Hamdani ni mrefu, mikono yake ina madoadoa ya mafuta ya moto, kwa kuwa anakaanga chipsi na mihogo karibu na soko la Mwanga. Ni mtu wa kucheka sana na kulia haraka. Alimpokea Mwanvua mlangoni mwa gari, akambeba mpaka ndani. Mtoto hakukanyaga chini.

"Mama amerudi nyumbani," akasema, na machozi yakamtoka mbele ya majirani.

Tangu siku ile Mwanvua hakukanyaga chini sawasawa. Shule si mbali, lakini Hamdani aliweka pikipiki ya kumpeleka na kumrudisha. "Mama yangu atembee juani, mimi nipo?" Tausi, mdogo wake, yeye alitembea. Maji tuliyachota sisi na Tausi. Mwanvua akiinua ndoo, mtu alikuwa anamnyang'anya. "Mama, kaa. Mama, pumzika. Mama, njoo huku kwenye televisheni, kuna mto." Na kila mlango ulikuwa na lake la kumpa: huku andazi, kule kashata, pale soda iliyofunguliwa kwa ajili yake. Jioni ndipo alipofika mkubwa wao wa kulisha, Hamdani na mfuko wa chipsi zenye mayai, sambusa juu yake. Sahani ya kwanza ya Mama. Hakuna mtu kwenye uwanja aliyetia mkono kwenye chakula kabla yeye hajala.

Yeye alikuwa anacheka tu. Akikaa kwenye mkeka katikati ya watu wazima, miguu ameinyoosha, alikuwa anawaita "wanangu" kwa kujizuia asicheke, na wao wanaitika "Naam, Mama!" mpaka paa linatikisika. Ni mtoto wa kupenda watu, hawezi kumkatalia mtu. Hiyo nayo ni tabia yake aliyozaliwa nayo. Tausi akipewa asichotaka anakirudisha na kukunja uso. Mwanvua atakula ili uso wa aliyempa uendelee kung'aa.

Akanenepa. Watu walinipongeza. Mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia dagaa, wanawake waliniambia, "Hongera Mama Tausi, unalea!" Kwetu sisi mtoto aliyejaa ni ushahidi kwamba nyumbani kwake hakuna shida, na hakuna maradhi.

Lakini hebu nisaidieni kustaajabu. Tausi anakula kuliko dada yake. Wallahi. Analamba sufuria, anakula ukoko, anamaliza sambusa alizobakiza Mama Mkwe. Na amebaki vilevile, mwembamba kama samaki mgebuka, mbavu unazihesabu. Chungu kimoja, mwiko mmoja, tumbo langu lilelile lililowabeba wote wawili. Nilikuwa nawaogesha pamoja, nasugua mgongo huu mpana na mgongo ule wa mifupa, nasema moyoni: Mungu, hawa umewapimia kwa kibaba gani?

Mahali Mwanvua alipokuwa mwepesi ni ziwani. Alijifunza kuogelea mara tu tulipohamia, bila kufundishwa na mtu, pale kwenye maji ya kina kifupi wanawake wanapofulia. Watoto wembamba walipiga miguu na mikono wakahema. Yeye alilala chali juu ya Tanganyika, mikono ameitandaza, ametulia kama boya la wavu, wimbi linampandisha na kumshusha. Nilikuwa naacha kufua namtazama. Mtoto ambaye nchi kavu anahema akifika mlangoni, juu ya maji hakuwa na uzito wowote.

Kisha mwaka jana, alipokuwa darasa la pili, wakaja vijana fulani kuogelea. Mmoja akapiga kelele, "Bonge, toka, utalimwaga ziwa!" Wenzake wakaangua kicheko. Mwanvua naye akacheka, kwa kuwa yeye ni mtu wa kucheka na watu. Akatoka, akavaa gauni lake juu ya mwili wenye maji, akakaa karibu na beseni langu. Hakurudi tena ziwani. Nikimwambia twende, anasema tumbo linauma.

Mwaka huu magoti yakaanza. Akivuka kizingiti cha mlango anashika ukuta. Akilala anakoroma kama mzee, mchana anasinzia darasani. Nikampeleka zahanati. Nesi Scola, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimpima mkono, akapumzika, akampima tena.

"Anakula nini huyu?"

"Chakula cha kawaida, nesi."

"Cha kawaida cha nani?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye pikipiki alivua miwani.

"Mama, presha ya mtoto imeanza kupanda. Mkiendelea hivi, hata hajavunja ungo atakuwa anameza vidonge vya mabibi."

"Lakini mimi ndiye bibi," Mwanvua akasema.

Nesi akacheka mpaka akajifuta macho. Halafu akamshika shavu. "Sikiliza bibi. Hujakosa kitu. Wewe si mvivu, wala si mlafi. Kuna miili inayoshika na kuna miili inayoachia. Wako unashika." Akanigeukia. "Umesema alizaliwa njiti. Watoto wengine wa namna hiyo mwili wao unakuwa kama umekula kiapo, haulali njaa tena. Na marehemu bibi yake alikuwaje?"

"Mnene. Na mume wangu naye, kidogo."

"Haya. Sasa mwili wa kushika, umeuweka mahali pa kumiminiwa, na miguu umeifunga. Usimnyime chakula, sitaki kusikia mtoto amelala njaa. Mpunguzie mafuta na sukari. Na mrudishie miguu yake."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Mrudishie miguu yake. Nikaikumbuka ile milima ya Kalinzi, kidumu kichwani. Mwili ulikuwa huuhuu. Ulikuwa unashika vilevile, ila kule mlima ulikuwa unachukua chake kila siku, na hakuna aliyejua kwamba mlima unamlea mtoto pamoja nasi.

Mume wangu nilimwambia akiwa anavua viatu vyenye saruji. Akabaki na kiatu kimoja mkononi.

"Mwambie kaka yako," nikasema.

"Nimwambie nini? Aache kumlisha mama?"

"Mtoto ataugua."

"Najua. Nimesikia." Akakitazama kiatu. "Mwambie wewe. Wewe ni shemeji, anaweza kukusikiliza. Mimi nikisema ataniuliza nilikuwa wapi mama alipokuwa anakufa."

Alikuwa Kalinzi na mimi wakati huo.

Jioni Hamdani alipokuja na mfuko wake nilimkuta uani, mkewe Leonia akiwa anapepeta mchele pembeni. Nilipiga goti kidogo, nikasema kwa sauti ya chini kila alichosema nesi. Mwanzoni alitabasamu, akidhani namwomba kitu. Kisha tabasamu likaondoka.

"Shemeji. Unajua mama yangu alikufaje?"

"Nimesikia alikuwa na ugonjwa wa koo."

"Umesikia. Mimi nilikuwepo. Mwanamke aliyekuwa anajaza mlango huu, alibaki kama ufito. Nilimletea mchuzi wa samaki kuhe, nikamletea uji, nikamletea maziwa. Kila kitu alichopenda. Anaweka mdomoni kinarudi. Alikuwa ananisukumia sahani kwa mkono, hivi, hivi. Miezi yote ile sikumsikia mama yangu akisema nimeshiba. Hata mara moja! Amekwenda na njaa, mbele ya chakula changu mimi mkaanga chakula. Sasa Mungu amenirudishia, ninamlisha anakula, anacheka, halafu wewe unaniambia nimpimie?"

"Hamdani, punguza sauti," Leonia akasema bila kuinua kichwa. "Majirani wanakula, usiwakabe na wao."

Hakucheka. Aliuweka mfuko chini, akatoka nje ya uwanja. Nilipogeuka nikaona pazia la mlango wetu limesogea, na chini yake vidole vya miguu vya Mwanvua.

Siku zilizofuata Hamdani hakuja mlangoni kwetu. Alipita na pikipiki moja kwa moja mpaka kwake. Uwanja ukapoa. Watu walikula kila mtu ndani mwake, sauti ya "Naam, Mama!" haikusikika. Na Mwanvua akaacha kula. Nilimpikia dagaa na mchicha na ugali mdogo, akachovya, akaacha. Hapo nikaogopa kuliko nilivyoiogopa presha. Nilimwona anavyokaa peke yake kwenye mkeka ule mpana, nikafikiri, nimemponya mwili nimemvunja moyo.

Siku moja nikimsuka nywele akaniuliza, "Mama, bibi alikuwa mnene?"

"Alikuwa mnene, ndiyo."

"Mpaka alipougua."

"Mpaka alipougua."

Nikasuka mistari kama miwili hivi. "Kwa hiyo mimi nikikonda, baba mkubwa ataona naugua tena."

Nilisimamisha mkono kichwani kwake. Sisi watu wazima tulikuwa tumezunguka jambo hilo siku zote hizo, kila mtu na hasira yake, na hakuna aliyeliona. Mtoto wa darasa la tatu ameliona kupitia upenyo wa pazia.

Ijumaa Hamdani akashindwa. Alikuja na mfuko, amevaa kanzu bado, akasimama mlangoni kama mgeni. Mume wangu akampisha. Watu wa milango mingine wakatokeza mmoja mmoja wakijifanya wana shughuli uani. Hamdani akakunja miguu kwenye mkeka mbele ya Mwanvua, akamnawisha mikono mwenyewe, akafungua sahani. Chipsi na mayai, na paja la kuku ambalo halikuwa la siku za kawaida.

"Mama, karibu. Usinikasirikie."

Mwanvua alichukua kipande kimoja cha kiazi. Akakitafuna polepole, akameza. Akachukua na nyama kidogo. Nilikuwa nimesimama na jagi mkononi, nikajua atakula yote, kwa ule uso uliokuwa unamsubiri. Ndivyo alivyoumbwa.

Akanawa mkono. Akauweka juu ya goti la Hamdani, juu ya kanzu nyeupe, na hakuwa anajizuia kucheka safari hii.

"Nimeshiba, mwanangu."

Hamdani alimtazama. "Mama, hujala."

"Nimekula. Chakula chako ni kitamu. Nimeshiba."

Nje mtu alikuwa anatwanga kitu kwenye kinu, akaacha. Uso wa Hamdani ulianza kufanya kazi, midomo ikakaza, ikalegea, halafu yule mtu mzima akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mkono ule mdogo mnene, na mabega yakatikisika. Alilia bila sauti. Mwanvua hakuondoa mkono. Alitazama juu ya kichwa chake, akanitazama mimi, na nawaapia, nilishusha macho kama mtu anavyoshusha macho mbele ya mama mkwe.

"Wewe ndiye hujala tangu asubuhi," akamwambia. "Kula."

Na Hamdani akala. Alikula huku anavuta kamasi, paja la kuku lote, na mkewe Leonia mlangoni akasema, "Haya, leo angalau mama yako amenisaidia kukulisha," na hapo ndipo watu wakapata ruhusa ya kucheka.

Mwanvua hakuwa amemaliza. "Na Jumatatu pikipiki isije. Nitatembea na Tausi."

"Mama, jua!"

"Nitatembea. Na kesho asubuhi unanisindikiza ziwani."

"Mimi? Na magoti haya?"

"Hata mimi yananiuma," akasema. "Tutaumwa wote."

Amri ni amri. Mama amesema.

Sitaki kuwadanganya kwamba amekuwa mwembamba. Hajawa, na sijui kama atakuwa. Nesi Scola anasema nisimtazame kwa jicho hilo, nitazame anavyopumua. Mwili wake unashika, huo ndio mwili wake, ndio uleule uliomshikilia duniani akiwa wa kiganja kimoja, na mimi siwezi kuuchukia. Milango bado inatoa andazi, mara moja moja, mtu anasahau. Lakini sahani ya kwanza jioni sasa ni ya dagaa na mboga, Hamdani ndiye anayeileta, na anangoja lile neno lake. Akilipata, anainuka.

Ile asubuhi ya kwanza, Jumamosi, tulishuka wote wanne: Mwanvua, Tausi mbele anarukaruka, Hamdani na ndala zake, na mimi na beseni la nguo ili nionekane nina kazi. Ziwa lilikuwa limelala, milima ya Kongo ng'ambo imejichora yote. Wale vijana walikuwepo. Yule mmoja alimwona, akafungua mdomo.

"Bonge! Ziwa litamwa—"

Akamwona Hamdani. Akakatiza.

"Malizia," Mwanvua akamwambia, anavua ndala. "Likimwagika nitawaletea mpaka kwenu, mpumzike kuchota."

Wenzake ndio waliocheka, safari hii wakimsukuma yule kijana begani. Mwanvua akaingia polepole, maji yakamfika magotini, kiunoni, kifuani. Halafu akalala. Mikono akaitandaza, Tanganyika ikambeba kama haijawahi kumkosa hata siku moja. Hamdani alisimama ukingoni ameshika gauni na ndala za mtoto, mdomo wazi. Miaka yote hiyo alikuwa amembeba mama yake ili asichoke, na hakuwahi kumwona akiwa mwepesi.

"Mwanangu, ingia!"

"Mama, mimi sijui kuogelea."

"Basi ingia mpaka magotini."

Akakunja suruali, akaingia mpaka magotini.

Kurudi ni kupanda. Mwanvua alitembea kwa miguu yake, nywele zinadondosha maji. Kwenye kona ya kwanza akasimama, anahema sana, mkono kiunoni. Mimi nilitaka kumkimbilia. Hamdani aliyekuwa mbele naye akasimama, akainama, akasema tumsubiri kidogo anakaza kamba za viatu. Akachukua muda wake wote pale chini, anakaza, anakaza. Alikuwa amevaa ndala.